Mji Upi Unaturudishia Mtaji? Dar es Salaam, Dubai, Istanbul na Guangzhou kwa Hesabu ya Dilala

Mfanyabiashara wa Dilala, hapa Kolwezi, anayefuata mali nje ya nchi ana miji minne isiyokosa kutajwa sokoni: Dar es Salaam, Dubai, Istanbul na Guangzhou. Kila mmoja una watetezi wake. Wa Dubai atakuambia mali iko tayari, unachagua na kufunga. Wa Guangzhou atakutajia bei ya kiwandani. Wa Istanbul atakugeuzia nguo uone mshono wa ndani. Wa Dar atakukumbusha kwamba kule unapatana bei kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Wote wanasema kweli, na hapo ndipo mwenye mtaji mdogo anapochanganyikiwa. Miji hii nimeizoea kwa kazi, na kila mmoja naupima kwa kipimo kimoja: dola iliyotoka Kolwezi itarudi lini, na itarudi na nini mkononi.

Kipimo hicho kinatokana na soko letu. Kongo hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa yake inatoka hapa Lualaba. Serikali ilisimamisha kuiuza nje tarehe 22 Februari 2025, kisha kuanzia 16 Oktoba mwaka huohuo ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Katika mji unaoishi kwa mishahara ya migodi na pesa za wachimbaji wadogo, uamuzi wa namna hiyo unafika hadi kwenye meza ya muuza viatu. Mteja wa leo anaweza kukosa pesa miezi mitatu ijayo. Kwa hiyo muda ambao pesa yako inalala njiani ni gharama, sawa na nauli na ushuru.

Gharama zinazoanza kabla ya ndege

Watu wengi huanza hesabu kwenye tiketi. Waanze nyumbani.

Pasipoti ya Kongo ilifika dola 185 mwaka 2015, halafu bei ikashushwa chini ya dola 100. Inadumu miaka 5, kwa hiyo igawanye kwa safari unazotarajia kufanya. Anayesafiri mara moja tu anabeba gharama yote kwenye mzigo mmoja. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano unailipia mara moja, kwa kuwa tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linaitambua kwa maisha yote.

Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi ni kama kilomita 300 kupitia Likasi. Weka nauli, chakula na usiku mmoja wa kulala Lubumbashi, kwa sababu barabara yenye malori ya shaba haiheshimu saa ya ndege. Uwanjani Luano kuna Go-Pass, ada iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa dola 50 kwa safari ya nje na dola 10 kwa safari ya ndani. Ulizia kiwango cha sasa kabla ya kutoka nyumbani.

Beba dola safi. Hapa kwetu noti iliyochanika kidogo inakataliwa hata na muuza nyanya, na kule uendako inaweza kukataliwa pia au kubadilishwa kwa hasara. Kagua noti moja moja ukiwa bado Kolwezi, maana ukishapanda ndege hakuna wa kukubadilishia.

Ethiopian Airlines hupitia Addis Ababa na Kenya Airways hupitia Nairobi. Kabla ya kulinganisha bei za tiketi, linganisha kilo. Tiketi inayoruhusu mabegi mawili ya kilo 23 inaweza kuwa rahisi kuliko ile yenye bei ya chini na begi moja, kwa sababu kilo 23 za nguo ni mali yenye faida yake.

Dar es Salaam: ya karibu na ya haraka

Kariakoo ndiyo shule ya kwanza ya mnunuzi wa Dilala. Nguo na mitumba nenda Mtaa wa Kongo, simu na vifaa vyake nenda Aggrey. Gesti ya kawaida utaipata kwa dola 15 hadi 35 kwa usiku, chakula ni cha bei ya watu wa kawaida, na mkalimani huhitaji. Unaweza kwenda kwa ndege, au kwa barabara kupitia mpaka wa Kasumbalesa, Zambia yote, na mpaka wa Nakonde na Tunduma. Tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mlango wa Tanzania kwa pasipoti yetu umekuwa mwepesi zaidi.

Faida kubwa ya Dar ni kwamba unanunua kidogo. Dazeni tano za rangi hii, dazeni mbili za rangi ile, na mzigo unaondoka wiki hiyohiyo. Ukigundua kwamba wateja wa Dilala wameacha mtindo fulani, hasara yako ni dazeni mbili.

Bei ya Kariakoo ina siri moja ambayo mnunuzi lazima aifahamu. Mali ile imekwisha kulipiwa ushuru wa Tanzania, na VAT ya asilimia 18 imo ndani ya bei. Ikivuka Kasumbalesa inalipiwa tena kwetu. Mzigo ulioagizwa China moja kwa moja kwa jina lako, ukipita bandari ya Dar kama mzigo wa kwenda Kongo, haulipi kodi hiyo ya kwanza. Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya Kariakoo na Guangzhou ni faida ya mwenye duka pamoja na kodi ya nchi ya watu.

Jihadhari na mawinga, vijana wanaokupokea barabarani na kukupeleka duka hadi duka. Wengine wanasaidia kweli, lakini malipo yao yamo ndani ya bei utakayotajiwa. Uliza bei katika maduka matatu peke yako kwanza. Dai risiti ya mashine, kwa sababu mzigo usio na risiti unasumbuliwa njiani. Acha pia siku za akiba: Mei 2023 na tena Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa wakilalamikia kodi, na mgeni aliyekuwa gesti siku hizo alilipia kitanda bila kununua kitu.

Dubai: mali iko tayari, kitanda ni ghali

Dubai inamfaa anayetaka bidhaa nyingi tofauti kwa kiasi kidogo: simu, manukato, vipodozi, mabaibui, vipuri vya magari. Deira, kuanzia Naif hadi Al Sabkha, utakutana na Waafrika Mashariki wengi na hata wauzaji wanaotaja bei kwa Kiswahili. Bidhaa za Kichina ziko Dragon Mart, soko lililofunguliwa mwaka 2004 nje kidogo ya mji, ambapo unaona, unashika na kulipa siku hiyohiyo.

Fedha yao haikuchezei. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997, dola moja kwa dirhamu 3.67. Hesabu uliyofanya Kolwezi haitabadilika ukifika.

Kitanda ndicho kinachokula mtaji. Hoteli ya kawaida Deira huwa kati ya dola 40 na 70, na mara nyingi bei iliyotangazwa haina ada za manispaa na huduma, wala ada ya utalii ya dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kila usiku. Uliza bei ya mwisho, na ada zote zikiwemo. Usafiri ni rahisi ukiacha teksi: metro inaanzia dirhamu 3 kwa mwenye kadi, na mashua ya kuvuka mkono wa bahari kati ya Deira na Bur Dubai ni dirhamu 1. VAT yao ni asilimia 5 tangu mwaka 2018, na mgeni aliyenunua kwa dirhamu 250 au zaidi katika duka lililosajiliwa anaweza kurudishiwa sehemu yake kubwa uwanjani, mradi bidhaa anasafiri nayo mwenyewe.

Viza ndiyo hatari kubwa. Oktoba 2022 mawakala wa safari walitaarifiwa kwamba maombi ya viza fupi kutoka nchi kadhaa za Afrika hayatapokewa, na Kongo ilikuwa miongoni mwao. Masharti hubadilika, kwa hiyo usinunue tiketi isiyorudishwa kabla viza haijatoka, hata wakala akuapie.

Istanbul: kwa anayeuza nguo nzuri

Mteja anayefanya kazi ofisini katika kampuni ya mgodi, au mama anayetafuta gauni la harusi, hutambua nguo ya Uturuki kwa macho. Laleli na Merter ndizo sehemu za jumla. Huko nguo huuzwa kwa seri, yaani rangi moja katika saizi zote za mfululizo. Hapo mgeni hupoteza pesa: ukinunua seri kumi, huenda saizi mbili za pembeni zisiuzike Kolwezi, na bei ya zile zinazouzika inabidi izibebe. Gawanya gharama ya seri kwa nguo utakazouza kweli.

Wauzaji wa Laleli hutaja bei kwa dola, na ni vizuri hivyo, kwa sababu lira imeyumba sana. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Uturuki ulipita asilimia 85 kwa mwaka. Kinachobadilika haraka ni maisha ya mle mjini: chakula, tramu, chumba. Usitumie bei ya hoteli aliyokupa rafiki mwaka jana.

Nguo za Istanbul kwa kawaida ziletwe kwa ndege, kwa kilo. Njia ya bahari kutoka Uturuki hadi Dar hupita Bahari ya Shamu, na tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zimeikwepa kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kilo ya ndege ni ghali, na gauni jepesi lenye faida kubwa linaivumilia. Jinzi nzito haiivumilii.

Guangzhou: bei ya chini, subira ndefu

Hakuna mji kati ya hii minne unaoshinda Guangzhou kwa bei ya kununulia. Viatu na saa ziko Zhanxi, nguo ziko Baima na Shahe, na Waafrika wamekaa miaka mingi Xiaobei na Sanyuanli, ambako utapata chakula unachokijua, wapakiaji mizigo na Wakongo wenzako wanaofanya ukalimani. Metro inaanzia yuan 2. Chumba cha kawaida ni kama dola 25 hadi 50, chini ya Dubai.

Gharama za Guangzhou ziko pembeni. Tiketi ni ndefu, viza ya biashara inataka barua ya mwaliko, na mkalimani analipwa kwa siku au kwa asilimia. Patana naye kwa maandishi, na uulize wazi kama anapokea chochote kutoka kwa muuzaji. Kiwanda huwa na kiwango cha chini cha kuagiza, mara nyingi kikubwa kuliko soko la Dilala nzima kwa mtindo mmoja. Desturi ni kulipa asilimia 30 kwanza na 70 kabla mzigo haujapakiwa. Ile 70 usiilipe kabla mtu wako hajafungua maboksi na kulinganisha na sampuli uliyobaki nayo. Wachina wanalipana kwa simu, kwa Alipay na WeChat, kwa hiyo panga mapema jinsi utakavyolipa.

Kisha inakuja subira. Bahari peke yake hadi Dar ni karibu mwezi. Ongeza siku za kujaza kontena, siku za bandarini, na zaidi ya kilomita 2,000 za lori. Miezi miwili hadi mitatu ni kawaida. Mnunuzi mdogo hutumia mzigo wa kichele, yaani kontena la watu wengi linalolipiwa kwa mita za ujazo, na kontena hilo haliondoki mpaka lijae.

Kwa ndege, kumbuka kwamba unalipia uzito au ukubwa, chochote kilicho zaidi. Pima boksi kwa sentimita, zidisha urefu, upana na kimo, gawanya kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 linahesabiwa kilo 20 hata kama ndani kuna kofia za kilo 6. Toa viatu kwenye maboksi yake, bana nguo, na upime tena.

Njia ya kurudi

Miji yote minne inakutana kwenye mlango mmoja: duane, yaani forodha yetu. Kuna ushuru wa DGDA, yaani idara ya forodha; TVA, yaani VAT ya kwetu, ya asilimia 16; ukaguzi wa OCC, ofisi ya udhibiti wa bidhaa; na FERI, hati ya taarifa za mzigo inayotakiwa kabla haujafika. Chukua bei kwa mawakala wawili wa forodha kabla ya kununua, kwa kuwatajia aina ya bidhaa na thamani. Mpaka nao una siku zake. Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa muda mfupi baada ya Kongo kuzuia vinywaji vya nje. Magari yenye viatu yalisimama pamoja na ya bia.

Reli ya Lobito, iliyokabidhiwa kwa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis kwa miaka 30, inazungumzwa sana Kolwezi. Kwa sasa kazi yake kubwa ni shaba na mizigo ya migodi. Mwenye maboksi ishirini bado anategemea lori.

Hesabu ya jozi za viatu

Tuchukue mfano, nawe weka namba zako. Kiatu kinauzwa dola 6 Kariakoo na dola 4 Guangzhou. Usafirishaji na ushuru hadi Dilala ni dola 2.40 kwa jozi kutoka Dar na dola 3 kutoka China. Safari yako wewe, pamoja na tiketi, viza, kitanda na chakula, ni dola 800 kwa Dar na 2,200 kwa Guangzhou.

Mwenye dola 5,000 akienda Dar anarudi na jozi 500, kila moja imemgharimu dola 10. Akienda Guangzhou anarudi na jozi 400, kila moja dola 12.50. Bei ya chini ya China imeliwa na tiketi.

Mwenye dola 20,000 anapata jozi 2,285 Dar na 2,542 Guangzhou. Sasa China inaongoza kwa jozi 257.

Katikati iko dola 9,200. Kwa mtaji huo miji yote miwili inatoa jozi 1,000 zilezile. Ila za Dar zinafika baada ya wiki chache, na za Guangzhou baada ya miezi. Kwa hesabu hii, mwenye chini ya kiasi hicho anapoteza akienda China, na mwenye kukizidi kidogo tu bado hajapata sababu ya kutosha ya kulaza pesa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fanya hesabu hii kwa kila bidhaa peke yake, maana mji unaofaa kwa viatu unaweza kuwa mbaya kwa simu.

Kalenda inaamua pia

Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Viatu na mabegi ya shule kutoka Guangzhou lazima viwe vimelipiwa kufikia Mei. Maonyesho makubwa ya Guangzhou, yanayofanyika tangu 1957, huja mara mbili kwa mwaka. Yale ya Aprili na Mei yanasaidia mauzo ya Septemba. Yale ya Oktoba na Novemba yamekwisha kuchelewa kwa Noeli ukitumia meli. Viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, Januari au Februari, na tena wiki ya kwanza ya Oktoba. Mabuti na miavuli yawe dukani kabla ya mvua za Novemba. Dubai wakati wa Ramadhani maduka mengi hufunguliwa zaidi usiku kuliko mchana, kwa hiyo siku zako za kununua hupungua.

Nani aende wapi

Mwenye chini ya dola 9,000 na anayeuza vitu vya kila siku aende Dar, arudi, auze, aende tena. Anayeuza simu, manukato au vipuri, na viza imetoka, aende Dubai kwa siku chache zilizopangwa vizuri. Mwenye wateja wa nguo nzuri wanaolipa taslimu aende Istanbul na alete kwa ndege. Guangzhou ni ya mwenye mtaji mkubwa na bidhaa ambayo msimu wake anaujua.

Kuna njia ya tano, na kwa akina mama wa soko letu naiamini kuliko zote. Likelemba, yaani kuchangiana pesa kwa zamu, tumeizoea. Wanne wenye dola 5,000 kila mmoja wanaweza kumtuma mmoja wao Guangzhou na dola 20,000. Kwa mfano wetu, kila mmoja anapata jozi 635 badala ya 500 za Dar. Wakiuza kwa dola 15, faida ya kila mmoja ni dola 4,525, wakati safari moja ya Dar ingempa 2,500. Kweli, safari mbili za Dar katika muda huohuo zingempa 5,000, kama viatu vinauzika mwezi baada ya mwezi. Lakini viatu vya shule vinauzwa mara moja kwa mwaka, na safari ya pili ingemkuta mteja ameshanunua. Kwa hiyo tuunganishe mitaji kwa mali za msimu, na kila mmoja abaki na Dar yake kwa mali za kila wiki. Makubaliano yaandikwe kabla pesa haijatoka: nani anasafiri, analipwa kiasi gani, hasara inagawanywaje, na boksi likifika Dilala linafunguliwa mbele ya nani.